Lauri Rapala, mvuvi aliyechonga samaki wa mti

Mfanyabiashara wa mpakani anajua jinsi kalamu ya karani inavyoweza kumbadilisha mtu jina. Anaondoka nyumbani akiwa Mwita, stakabadhi inamtoa Mwika, na safari inaendelea kwa jina hilo hilo kwa sababu foleni ni ndefu na lori limeshawashwa. Kwa kawaida kosa hilo huisha siku karatasi inapotupwa. Kwa Lauri Saarinen wa Finland halikuisha. Alipewa jina lisilo la ukoo wake akiwa na umri wa miaka 7, akaishi nalo, akafa nalo, na leo limechapwa kwenye vijisanduku vya vifaa vya uvuvi vinavyouzwa katika nchi zipatazo 140.

Alizaliwa Novemba 1905 katika parokia ya Sysmä, kusini mwa Finland, nchi ya kaskazini mwa Ulaya ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Urusi na ikajitangazia uhuru mwaka 1917. Mama yake aliitwa Mari. Wawili hao walipohamia parokia ya Asikkala, mchungaji aliyepaswa kuwaandikisha kwenye daftari la kanisa hakulikumbuka jina la ukoo la mama huyo. Alichokumbuka ni kijiji walikotoka, Rapala, akaandika hilo. Saarinen linatokana na neno la Kifini lenye maana ya kisiwa. Rapala linatokana na neno lenye maana ya tope. Mtoto akatolewa kisiwani akawekwa matopeni, na mambo yakabaki hivyo.

Alikulia katika umaskini, akawa mtu wa kazi za mikono. Mwaka 1928 alimwoa Elma Leppänen, wakaja kuweka makazi Riihilahti, kando ya Ziwa Päijänne. Kwa mtu wa Kisumu au Mwanza hilo ni ziwa dogo: eneo lake ni kama kilomita za mraba 1,080, wakati Ziwa Victoria linazidi kilomita za mraba 68,000. Lakini ni refu na jembamba, limejaa visiwa na ghuba, na lina tabia moja ambayo mvuvi wa huku hajawahi kukutana nayo. Majira ya baridi yakifika, maji yanaganda juu yakawa magumu kama sakafu, na mtumbwi unaburutwa nchi kavu kwa miezi kadhaa. Mvuvi asiye na shamba wala akiba hana budi kutafuta kibarua. Rapala alikuwa akiingia msituni kukata miti wakati wa baridi, kiangazi akirudi majini.

Miaka ya 1930 ilianza vibaya duniani kote. Mdororo wa uchumi ulishusha bei za bidhaa, na kwa familia yenye watoto iliyoishi kwa samaki na vibarua, kila siku isiyokuwa na mavuno ilionekana mezani. Rapala alitegemea mikono yake na makasia. Inasimuliwa kwamba kuna siku alipiga makasia karibu kilomita 50 akienda na kurudi kwenye mitego yake.

Mtego wake mkuu unafahamika vizuri kwenye maziwa ya Afrika Mashariki. Ni kamba ndefu inayolazwa majini, yenye vikamba vifupi vinavyoning'inia, kila kimoja na ndoano yake. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria wanaiita migonzo. Rapala alikuwa akitega hadi ndoano 1,000. Mtu aliyewahi kununua samaki mwaloni anajua gharama ya ndoano hizo haiko kwenye chuma, iko kwenye chambo. Kila ndoano inataka kisamaki kidogo. Kisamaki hicho lazima kivuliwe kwanza, kwa saa ambazo hazileti senti hata moja, kisha kichomwe kwenye ndoano kwa mkono, kimoja kimoja, mara elfu. Kikifa kinachakaa, kikichakaa hakiliwi, na kesho yake kazi inaanza upya. Mvuvi anakuwa kama muuza duka anayefanya kazi nusu ya siku ili alipe kodi ya meza tu.

Katika saa hizo za kungoja na kupiga makasia, Rapala alikuwa akitazama chini. Maji ya Päijänne ni maangavu, na aliona makundi ya visamaki yakipita, kisha samaki mkubwa akitokea kilindini na kuvamia. Akagundua jambo ambalo huenda wavuvi wengi waliliona bila kulifanyia kazi. Samaki mla wenzake hachukui yeyote tu. Katika kundi la visamaki mia, anamfuata yule mmoja anayeyumba, aliyejeruhiwa au mgonjwa, anayeogelea kwa kupepesuka upande huu na upande ule. Wazima wanaachwa. Mgonjwa analiwa.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Kama angepata kitu kinachoyumba vile vile, kisichokufa, kisichooza, asingehitaji kuvua visamaki elfu kila siku.

Vyambo bandia havikuwa vitu vigeni. Vipande vya chuma vinavyomeremeta na mbao zilizochongwa vilikuwa vikiuzwa madukani Ulaya na Marekani kabla yake. Lakini vyenye sifa viligharimu fedha ambazo yeye hakuwa nazo, na kilichomshughulisha zaidi ni mwendo. Kufanana na samaki ni rahisi. Mtoto yeyote anaweza kuchora samaki. Kuogelea kama samaki anayekaribia kufa ni kazi nyingine.

Mwaka 1936, baada ya kuchonga, kujaribu na kuchonga tena, alipata alichokuwa akikitafuta. Orodha ya vifaa vyake inastahili kusomwa polepole, maana hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mwili aliuchonga kwa kisu cha fundi viatu kutoka kwenye gome jepesi, lile linalotumika kuzibia chupa za mvinyo. Ngozi yenye kumeremeta aliipata kwenye karatasi inayong'aa ya kufungia chokoleti, akaibandika juu ya mwili huo. Vanishi hakuwa nayo, kwa hiyo aliyeyusha negativu za picha, zile filamu za zamani, na uji wake ndio akaupaka juu ili maji yasipenye. Mgongo ulikuwa mweusi, ubavu wa dhahabu, tumbo jeupe.

Rangi hizo si urembo. Samaki wengi wa maji ya wazi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Anayewatazama kutoka juu anaona giza la kilindi, na anayewatazama kutoka chini anaona mwanga wa anga. Ubavu unaong'aa ndio unaowasaliti, kwa sababu kisamaki kinapoyumba, ubavu unapiga mwanga na kuzima, unapiga na kuzima. Karatasi ya chokoleti ilifanya kazi hiyo bila kudai malipo. Anayetaka kulielewa hilo amtazame dagaa aliyemwagwa juani kukaushwa.

Sehemu muhimu kuliko zote ni ndogo kuliko zote. Chini ya kichwa cha kile kisamaki cha mti kuna kiulimi kilichoinama kwenda mbele. Mshipi ukivutwa, maji yanasukuma kiulimi hicho, kichwa kinataka kuzama, na kwa kuwa mwili ni mwepesi na unataka kuelea, vitu hivyo viwili vinagombana. Matokeo ya ugomvi huo ni kuyumba. Wepesi ukipungua, kwa mfano mbao ikiwa nzito au rangi ikipakwa nene mno, ugomvi unakwisha na chambo kinakuja kimenyooka kama kijiti. Vilevile kile kijipete cha waya puani, pale mshipi unapofungwa, kikiwa kimekaa kombo kwa upana wa ukucha tu, chambo chote kinakimbilia upande. Dawa yake ni ndogo. Chambo kikikimbilia kushoto, kijipete kinapindwa kidogo kwenda kulia. Kikikimbilia kulia, kinapindwa kushoto. Kisha kinarudishwa majini kutazamwa tena. Hakuna namna ya kujua kwa kukishika mkononi.

Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo, Rapala alijiwekea utaratibu wa kukitia majini kila chambo na kukiburuta kabla ya kukiamini. Wakati huo jambo hilo halikuwa na uzito wowote wa kibiashara. Lilikuja kuwa nao baadaye.

Mavuno yalibadilika. Inasimuliwa kwamba katika siku njema alirudi na samaki wa uzito wa karibu kilo 270, akiburuta mishipi nyuma ya mtumbwi huku akipiga makasia mwenyewe. Hata kama simulizi za wavuvi zina kawaida ya kunenepa njiani, majirani waliona tofauti, na jirani akiona tofauti huja kuuliza. Hapo Rapala alikuwa na njia mbili. Angeweza kuificha siri akaendelea kuwashinda wengine majini, au angeweza kuiuza na kuwapa washindani wake silaha yake mwenyewe. Aliuza. Kwa hesabu ya mvuvi lilikuwa kosa, kwa hesabu ya mfanyabiashara ilikuwa busara, na mwaka ule yeye alikuwa bado mvuvi. Pengine alihitaji fedha tu.

Vita vikaja. Mwishoni mwa Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliishambulia Finland, na isipokuwa kwa kipindi kifupi cha amani, nchi hiyo ilipigana nao hadi Septemba 1944. Vilipokwisha, nchi ilikuwa na madeni ya fidia, na kwa watu wa vijijini bidhaa ya kutengenezwa nyumbani ilikuwa na thamani yake. Vyambo vya Rapala vikaendelea kutoka. Gome la msonobari, ambalo lilipatikana msituni bila malipo, likachukua nafasi ya lile la kuzibia chupa. Baadaye kabisa ndipo mbao ya balsa, nyepesi kuliko karibu mbao zote na inayotoka zaidi Ecuador, ikawa ndiyo mwili wa kawaida.

Nyumba nzima iliingia kazini. Wanawe, wakiwemo Reijo, Ensio, Esko na Risto, walikua wakichonga, wakipiga msasa na wakipaka rangi, na kadiri walivyopata akili ya mashine ndivyo walivyobuni njia za kupunguza kazi ya kisu. Kuburuta majini hakukuwa na mashine. Kila kilichotoka kwenye meza ya rangi kilipita majini, na mtu akakitazama kwa macho.

Mwaka 1952 Helsinki iliandaa Michezo ya Olimpiki, na inaelezwa kwamba baadhi ya wageni walirudi makwao na visamaki hivi mifukoni. Jina likaanza kuvuka mipaka kwa njia ile ile ambayo bidhaa nyingi huvuka, kwenye begi la msafiri, bila ankara.

Mlango mkubwa ulifunguliwa na mtu wa kati. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Minnesota, jimbo la Marekani lenye maziwa mengi na wahamiaji wengi wenye asili ya Finland na nchi jirani zake, wakala wa vifaa vya uvuvi aitwaye Ron Weber alikutana na chambo hiki na kuona kinavyovua. Hakujua Kifini na Rapala hakujua Kiingereza. Weber aliagiza mzigo mdogo kwanza. Akashirikiana na Ray Ostrom, mwenye duka la vifaa vya uvuvi mjini Minneapolis, wakaunda kampuni ya kuagiza na kusambaza ambayo baadaye ikaitwa Normark. Mzigo wa kwanza ukaisha, wakaagiza mwingine. Bei ya dukani ilikuwa chini kidogo ya dola 2, na hiyo haikuwa bei ya kutupa kwa kipande cha mti wakati ule, lakini wateja walirudi.

Hapo ndipo jarida la LIFE la Marekani lilipoandika habari za chambo cha Rapala, katika toleo la tarehe 17 Agosti 1962. Pengine makala hiyo ingesomwa na wavuvi wachache na kusahauliwa. Lakini siku chache kabla, mapema mwezi huo wa Agosti, mwigizaji Marilyn Monroe alikuwa amefariki dunia, na picha yake ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la toleo hilo. Watu waliligombania. Mamilioni waliolinunua kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekufa walijikuta wakisoma habari za mvuvi mmoja wa Finland aliyekuwa hai.

Barua zikaanza kumiminika. Inasimuliwa kwamba maagizo yalifikia vyambo milioni 3, kwa familia iliyokuwa ikitengeneza kwa maelfu tu. Madukani Marekani bei iliruka. Vyambo vya dola 2 viliuzwa mara kadhaa ya bei hiyo, na kuna wenye maduka waliogundua faida nyingine kabisa: wakakataa kuviuza, wakavikodisha kwa siku, mteja akiacha rehani asije akakimbia nacho au kukipoteza mdomoni mwa samaki.

Mtu yeyote anayefanya biashara kati ya nchi mbili anaweza kulisoma jambo hili bila kuambiwa. Mnunuzi yuko upande wa pili wa bahari, ana fedha mkononi, anapiga kelele aletewe mali. Ukichelewa, mwingine ataiga. Kilichokuwa kikizuia mzigo usiondoke haraka si rangi wala mbao. Ni ile kazi ya kutia majini, kimoja kimoja, mtu akiwa amesimama akitazama. Kuiondoa kungeharakisha kila kitu, na mteja wa Chicago asingeweza kujua mpaka siku atakapokuwa ziwani, mali ikiwa imeshalipiwa.

Rapala na wanawe hawakuiondoa. Walipanua upande mwingine. Kiwanda kipya kilijengwa Vääksy, mji mdogo uliomo humo humo Asikkala, mashine zikachukua kazi ya kuchonga, watu wengi zaidi wakaajiriwa, na mahali pa mtumbwi pakawekwa birika la maji ndani ya kiwanda. Mfanyakazi anachukua chambo, anakivuta ndani ya maji, anatazama mwendo, anapinda kijipete cha puani ikibidi, anavuta tena, ndipo kinaingia kwenye sanduku. Wateja walingoja. Waigaji walikuja kweli, kama ilivyotarajiwa, wakatoa visamaki vyenye sura ile ile, mgongo mweusi na ubavu unaong'aa, kwa bei ya chini. Vingi havikuyumba inavyotakiwa.

Inaweza kusemwa kwamba bahati ilimbeba, na ni kweli. Kifo cha Monroe kilimtangaza kuliko tangazo lolote ambalo angeweza kulilipia. Ila jarida linauza mara moja. Aliyekinunua Agosti 1962 alikwenda nacho ziwani Septemba, na kilichotokea huko ndicho kilichoamua kama angenunua cha pili.

Rapala mwenyewe hakugeuka kuwa mtu wa mjini. Alibaki Asikkala, kando ya maji aliyoyajua, akiwaona wanawe wakibeba shughuli ambayo yeye aliianza na kisu cha fundi viatu. Alifariki dunia mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 68. Kampuni ilikua baada yake, ikabadilisha wamiliki, ikafungua viwanda nje ya Finland na kutengeneza mamilioni ya vyambo kwa mwaka. Jina lililoandikwa na mchungaji asiyekumbuka halikubadilishwa.

Vyambo hivyo vilifika pia katika maji ya Afrika Mashariki. Sangara, ambaye Waganda wanamwita mputa na Wajaluo mbuta, ni samaki mla wenzake hasa, na watalii wanaokwenda kumvua kwa mshipi kwenye Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, au Kisiwa cha Rubondo upande wa Tanzania, wamekuwa wakiburuta Rapala kubwa za urefu wa kiganja na zaidi. Wavuvi wa kibiashara wa huku wanaendelea na nyavu na migonzo, kwa chambo hai, kama alivyofanya mvuvi wa Päijänne kabla ya 1936.

Bandia nazo zipo sokoni, duniani kote, zikiwa na jina lile lile kwenye sanduku au jina linalokaribiana nalo kwa herufi moja. Rangi zao ni nzuri. Muuzaji makini anayetaka kujua alichoshika hana haja ya darubini. Anafunga kipande cha mshipi puani mwa kile kisamaki, anajaza beseni refu au anashuka ukingoni, anavuta, kisha anatazama kama kinayumba au kinakuja kimenyooka.